Jina Langu Limo Kwenye Kibali

Limo! Jina langu limo! Kibali kimetoka jana alasiri, nimekisoma mwenyewe mara tatu, na mstari wa nne umeandikwa kwa herufi kubwa: MOSI HAMZA KIBWANA, MWANGALIZI WA NDEGE!

Pigeni makofi kwanza, jamani, mtaelewa baadaye.

Asanteni. Mwalimu Joseph, wewe ndiye mshereheshaji wetu, usinitazame hivyo. Najua umenipa dakika tano, na najua hotuba haianzi namna hii. Miaka ishirini na tisa nimewasongea ugali hapa shuleni, maji kwanza, unga baadaye, sijakosea hata siku moja. Leo nimetanguliza unga. Ngoja sasa nibandike maji.

Mheshimiwa Diwani, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi ya Shule, Mkuu wetu wa Shule, Madam Magdalena, walimu wote, wa zamani na hawa wapya ambao bado mnaogopa maharage yangu, wapishi wenzangu, ukianza na Modesta, atakayeushika mwiko mkubwa kuanzia Jumatatu, wanafunzi wangu, ndugu na majirani mliotoka Kihonda, na ninyi mliopanda basi toka Kisaki kuja kuniaga: asalaam aleikum. Tumsifu Yesu Kristo. Wakubwa wangu wote, shikamooni.

Mheshimiwa, Mwalimu Agnes aliniandikia hotuba nzuri sana, kurasa mbili, juu ya umuhimu wa lishe bora. Nilimsumbua wiki nzima aiandike. Iko humu kwenye mkoba. Itabaki humu humu kwenye mkoba. Mwalimu, nisamehe. Mimi niliishia darasa la saba kule Kisaki, maneno ya kurasa zile yangenitoa jasho, na jambo nililonalo moyoni leo si lishe.

Mwanvita, simama wakuone. Acha kujificha nyuma ya mwenzako Hatibu. Yule pale, mwenye gauni la bluu. Wembamba kauchukua kwa baba yake, akili kazichukua kwangu, na anayebisha tuonane nje.

Binti yangu huyo anaunda ndege ndogo zinazoendeshwa kwa rimoti. Mabawa anayachonga kwa ile takataka nyeupe nyepesi inayokuja ndani ya boksi la friji mpya, na kule kwetu mtu akinunua friji, mimi nakuwa mlangoni kwake kabla haijachomekwa kwenye umeme. Puani anaweka kamera ndogo kama punje ya hindi. Tumboni anaweka kadi yenye nyaya, haizidi sanduku la kiberiti, na hiyo ndiyo ubongo wa ndege: upepo wa mlimani ukiilaza upande, ubongo unainyoosha, mawasiliano yakikatika, ubongo unaigeuza wenyewe na kuirudisha pale ilipoanzia. Mheshimiwa Diwani, nimezaa mtu aliyeifundisha takataka ya friji njia ya kurudi nyumbani! Wenzangu, watoto wenu wanafanya nini? Natania. Natania kidogo tu.

Sasa, anayeirusha anavaa miwani mikubwa myeusi inayomfunika uso wote, na ndani ya miwani hiyo anaona kila kinachoonwa na ile kamera, kana kwamba yeye mwenyewe amekaa puani. Siku ya kwanza, kule uwanja wa mpira wa Bigwa, akanivalisha mimi, rimoti akabaki nayo. Nimekaa kwenye kiti cha plastiki. Ndege ikapanda, nami nikapanda! Makalio yako kitini, moyo uko juu ya mikaratusi. Nikang'ang'ania kiti kwa mikono miwili.

"Mwanvita, nishushe! Nishushe, mwanangu, nina presha!"

"Mama, uko chini."

"Nishushe hivyo hivyo!"

Nilipotulia kidogo nikauona uwanja kwa chini, na katikati ya uwanja nikamwona mama mmoja mnene, khanga imemdondoka begani, ameachama kama kiboko. Nikasema, "Hivi yule mama ni nani, mbona amekaa vibaya vile mbele za watu?"

Mwanvita akanijibu, "Ni wewe, mama."

Ndio, chekeni. Modesta, wewe cheka taratibu, una sare ya kazi.

Lakini sikilizeni. Mwenye kuvaa miwani ile anaona mbele ya ndege tu. Hamwoni mwewe anayekuja kwa ubavuni, wala mti ulio nyuma, wala mlima unaojisogeza kimyakimya. Kwa hiyo lazima asimame mtu pembeni yake, asiye na miwani, kazi yake moja: kuitazama ndege angani kwa macho yake, bila kuyaondoa hata kidogo, na kusema panda, shuka, kushoto, kulia. Huyo ndiye mwangalizi. Binti yangu akaniambia, "Mama, wewe ndiye macho yangu." Nani anayeona kijiwe kwenye gunia la maharage akiwa amesimama mlangoni? Nani aliyewahi kumwona mwanafunzi akirudi foleni mara ya pili amebadilisha sweta? Nikamwambia, mwanangu, umepata.

Nilijisifu kuanzia Kihonda mpaka Kilakala. Sokoni, msikitini, saluni. Na miezi mitatu kweli niliifanya kazi ile vizuri.

Halafu ikaja Jumapili moja ya mwaka jana. Ndege iko juu, mbali, upande wa mlimani, imeelekea kwenye ile mikaratusi mirefu. Mimi nimeikazia macho. Mara nyuma yangu nasikia mtu anakohoa. Namjua kwa kikohozi: Mzee Nassoro, yule pale mbele mwenye kofia nyeupe, aliyewafundisha wanangu wote Kurani. Niambieni ninyi mliolelewa: mzee wa miaka themanini amesimama nyuma yako, utamwonyesha mgongo? Utamtupia shikamoo begani kama unatupa maji machafu? Mama yangu alinifundisha, mkubwa unamgeukia, unapiga goti kidogo, unamsalimia, unasubiri. Nikageuka. Nikapiga goti.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo, mzee."

"Watoto?"

"Hawajambo."

"Na Kisaki, hawajambo?"

"Kisaki salama, mzee."

"Yule mjomba wako wa goti?"

"Goti limepoa, mzee, anashukuru."

Na nyuma yangu namsikia Mwanvita: "Mama, iko juu kiasi gani?" Nami namjibu, "Subiri, nasalimia!" Mzee akaulizia shamba. Nikamwambia habari za shamba. Mwanvita tena: "Mama, picha imekuwa chenga! Mama, iko wapi?" Nami, Mungu anisamehe, nikamwambia mzee, "Usijali, mzee, huyo anafanya kazi yake. Enhee, na bibi hajambo?"

Mawasiliano yalikuwa yamekatika. Ule ubongo ukafanya kama ulivyofundishwa, ukaigeuza ndege irudi nyumbani kwa njia iliyonyooka. Ila ubongo ule haujui mti. Mti unajulikana na mwangalizi, na mwangalizi alikuwa Kisaki, kwenye goti la mjomba.

Ikanasa juu kabisa kwenye mkaratusi, bawa moja hapa, bawa jingine kule. Na mnajua nani aliyetuonyesha mti? Mzee Nassoro! Yeye wakati tunasalimiana alikuwa ameuelekea mlima. Akasema kwa upole, "Kile kitu chenu kimegonga ule mti wa tatu. Nilikiona. Nikasema ngoja kwanza tumalize salamu."

Mzee, sikusengenyi, uko hapa hapa na unacheka mwenyewe. Mimi na wewe tulilelewa shule moja.

Jamani, mimi ni mtu wa kelele, na kelele ninazimudu. Laiti mwanangu angenipigia kelele siku ile! Aliziangua zile takataka, akazifunga kwenye khanga yangu, kazi ya miezi mitano, akazibeba mpaka nyumbani. Mlangoni ndipo akasema, "Mama, umechoka. Nikiunda nyingine, Hatibu ataangalia. Wewe pumzika."

Pumzika. Nikawa napumzika. Nikatandikiwa mkeka kando ya uwanja, hatua hamsini, mimi na chapati zangu na chupa ya chai. Na mwezi uliofuata ikaja barua ya kustaafu, nayo imeandika hivyo hivyo, tunakutakia mapumziko mema. Zawadi mliyonipa leo, nashukuru sana, ni kiti cha kupumzikia. Sasa niulize: mtu aliyeamka saa kumi alfajiri kila siku kwa miaka ishirini na tisa, kwa sababu kuna watoto mia sita wanasubiri uji, Jumatatu akiamka saa kumi alfajiri, anamsubiri nani? Nani anamsubiri yeye? Sikuwa nimemwambia mtu, lakini barua ile niliificha chini ya godoro kama mtoto aliyefeli.

Basi nikasema, nitajifunza. Nilichokosa ni kitu kimoja tu, kunyamaza, na kunyamaza ndiyo kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nikaanza mazoezi pale pale jikoni. Uji ukikaribia kupanda, nakodoa macho kwenye sufuria, namwambia Modesta, "Nisalimie." Ananisalimia. Siruhusiwi kumjibu wala kumtazama mpaka uji ushuke. Wiki ya kwanza nilishindwa kila siku, nikajibu, uji ukamwagika, na wanafunzi mtakumbuka wiki ile mlikula vikombe nusu. Wiki ya pili nikaweza. Mwezi wa pili nikawa nafanya na wapishi wote, kisha na mtu yeyote anayepita.

Ninyi mliokuwa mnasema Bi Mosi siku hizi ana maringo, kwa kuwa anakaribia kustaafu hasalimii mtu, mmepata jibu. Madam Magdalena, ile Jumanne ulipoingia jikoni ukanisalimia mara tatu nikakuonyesha mgongo, uliniita ofisini ukaniuliza kama kuna mtu kaniudhi. Nikakujibu ni masikio. Nilikudanganya, Madam. Masikio mazima. Nilikuwa darasani, nasomea kunyamaza.

Sasa mwezi uliopita. Mimi nipo mkekani kwangu. Hatibu yuko kwenye kazi yangu, kijana mzuri, mtoto wa watu, lakini dakika ile alikuwa anafukuza siafu kwenye suruali. Hatibu, usiiname, siafu wanamkuta yeyote. Mzee Nassoro naye amefika, amesimama ubavuni kwangu, ananiambia, "Mwanangu, hujambo?" Nami macho yako juu, kwa sababu tangu siku ya mkaratusi hayajawahi kushuka, nimepewa kazi au sijapewa. Nikamwona mwewe. Ametoka upande wa jua, amekunja mabawa.

Nikainua kiganja. Hivi. Nikamnyamazisha mzee wa miaka themanini kwa kiganja, mbele za watu! Nikapaza sauti ambayo kwa miaka ishirini na tisa imeita watoto mia sita kula bila kipaza sauti: "Mwanvita! Mwewe, kulia kwako! Shuka, shuka! Sasa kushoto! Nyoosha! Miti iko mbele, panda! Panda, mama, panda!"

Na pembeni yangu nasikia sauti ndogo: "Kushoto kidogo tena, mwambie." Mzee Nassoro. Kaacha salamu, kakodoa macho angani, kofia kaishika mkononi.

Ndege ikatua kwenye nyasi kama yai limewekwa kwenye kapu. Hapo ndipo nilipogeuka, nikapiga magoti yote mawili chini. "Shikamoo mzee wangu, nisamehe." Akaniambia, "Marahaba, mwanangu. Salamu haziozi."

Mwanvita akavua miwani. Akanitazama pale chini kwenye vumbi, mnamjua si msemaji. Lakini wiki ile ndipo alipojaza fomu za kibali cha kurusha ndege mlimani.

Maana safari hii si ya kuchezea. Kamati ya maji ya kule juu mlimani inataka kujua udongo ulioporomoka masika umeziba kijito sehemu gani, na kwa miguu hakufikiki. Wamemwambia Mwanvita, tuonyeshe kwa ndege yako, na ukifaulu utakuwa unatuangalizia mlima kila mwaka. Ndege anayo hii moja tu, ya akiba hana. Na fomu ikauliza, mwangalizi ni nani? Angeweza kuandika mtu yeyote, mwenye macho mapya na elimu ya kutosha. Kaandika mimi. Nikamwuliza jana, "Mwanangu, hukuniambia nipumzike?" Akasema, "Umepumzika vya kutosha, mama."

Kwa hiyo, Mheshimiwa, kiti nimekipokea, nitamkalisha Mzee Nassoro.

Madam, walimu, Modesta, watoto wangu, nawashukuru kwa miaka yote mliyokula bila kulalamika, na mliolalamika nawashukuru kwa kumaliza sahani. Nawashukuru kwa kunivumilia leo dakika tano zilizogeuka ishirini. Ombi langu ni moja. Siku tunayoirusha, njooni wote, na watoto. Ila mkifika, piteni nyuma yangu taratibu, na mtu yeyote asinisalimie! Wala shikamoo, wala hujambo, wala kikohozi. Mgongo mtakaouona ni wa heshima. Kaeni chini, mtazame juu pamoja nami, na ndege ikishagusa nyasi nitageuka, nami nitamsalimia kila mmoja wenu kwa jina lake, na wa nyumbani kwake, na mjomba wake wa goti, hata tukae pale mpaka adhuhuri.

Uwanja wa mpira, Bigwa, saa mbili asubuhi. Jumamosi ijayo, tarehe kumi na nne.