Floribert Numbi na Kikohozi Kilichofichwa Nyuma ya Waya

Wasikilizaji wapendwa, habari za jioni. Wewe uliye nyumbani na redio yako, ongeza sauti kidogo ili jirani naye asikie. Nanyi mliosimama chini ya kipaza sauti pale sokoni, sogeleaneni, nafasi iko. Ni mimi Jeannot wenu. Leo tunamkumbuka Floribert Numbi, seremala wa commune ya Kenya, mtaa wetu hapa Élisabethville, aliyetutoka mwezi huu wa kwanza wa mwaka 1958. Floribert Numbi, seremala. Mtu wa hoki.

Naam, mmesikia vizuri. Hoki, mpira wa magongo. Mimi ni mtu wa football, na kwa football naweza kukosa hata bukari yangu, ugali wa jioni. Hoki niliiona kama watu waliopotelewa na funguo kwenye majani, wakaamua kuzitafuta kwa fimbo. Nilimwambia Floribert hivyo siku moja. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akanijibu: "Jeannot, weye unapenda mupira mukubwa sababu macho yako haione mudogo."

Floribert alizaliwa upande wa Pweto, pale ziwa Mweru linapoishia. Nyumbani kwao walikausha samaki, na alikuwa akisema kwamba hata sabuni ya mission haikumtoa ile harufu. Alikuja mjini akiwa kijana, amemfuata mjomba wake aliyekuwa na kazi huku. Mapadre wakamfundisha useremala. Kisha ikaja ile miaka mibaya ya kazi kukatika, wazee wetu wanaikumbuka. Watu wengi walirudishwa vijijini. Mjomba wake alikuwa anaumwa kifua, akawa katika wa kwanza kupandishwa treni. Floribert alimbebea mzigo hadi stesheni. Mjomba alifika kwao, na mvua za mwaka ule hakuziona.

Likumbukeni jambo hilo, wapendwa. Mjomba aliumwa kifua, mjomba akarudishwa, mjomba akafa. Floribert alikuwa kijana, na jambo hilo lilimkaa moyoni maisha yake yote.

Hoki ilimfikiaje? Kwa kazi. Siku moja Mzungu mmoja alileta kwenye karakana gongo lililopasuka. Floribert akalitia gundi, akalifunga uzi, akalipiga msasa. Jumapili baada ya misa akaenda Makomeno, kwenye kiwanja cha Wazungu, kuangalia tu kama kazi yake itashika. Ikashika. Jumapili iliyofuata akarudi, na nyingine, na nyingine. Wachezaji walikuwa Wazungu, nao walikuwa ndani. Sisi Waafrika tulisimama nje, nyuma ya uzio wa waya. Mambo hayo mnayajua, sitayarefusha.

Pale nje ya waya Floribert alipata ndugu ambao hakuzaliwa nao. Wa kwanza ni Alphonse Kapya, mtu wa reli, wa kaskazini mwa Katanga kama yeye. Wa pili ni Antoine, karani wa duka, mtu wa Kasai, aliyekuja na gazeti kwapani na kulisoma kwa sauti kama padre anayesoma injili. Wa tatu ni Mama Simone Ngalula, naye wa Kasai, muuza karanga, binti wa mganga. Pamoja na Floribert, wanne. Upande wa majani mafupi, karibu na goli, mahali pao palijulikana.

Maongezi yao yalikuwa na ratiba. Kabla ya mechi, habari za michezo: nani amefungwa, timu gani inakuja kwa treni kutoka Rhodesia. Mapumziko, siasa. Mechi ikiisha, dawa. Nani anaumwa mgongo, nani mtoto wake ana mchango, mzizi gani unachemshwa na upi unatafunwa. Mke wa Floribert, Mama Laurentine, aliniambia: "Akirudia ku nyumba, namuuliza mechi ilikuwa namna gani. Ananielezea dawa ya tumbo."

Siasa ndiyo iliyochoma. Mwaka jana tulipoambiwa kwamba commune zetu zitapiga kura, mapumziko yaligeuka vita. Antoine alisema juu ya mkuu wa commune: "Bourgmestre atatoka kwetu." Kapya akaruka: "Kwenu wapi? Kwenu iko Kasai. Hapa iko Katanga." Mama Simone akawakata wote wawili: "Mi mwanamuke, sichague kintu. Basi muninunulie karanga, mutukanane na kintu mu kinywa." Floribert alipiga makofi kama refa asiye na filimbi. "Mapumuziko imeisha. Muangalie mupira." Wakatazama mpira. Mtu wa Pweto aliwashika watu wa Kasai na wa Katanga pamoja, Jumapili baada ya Jumapili, mwaka ambao ndugu walikuwa wanaachana kwa maneno hayo hayo. Peke yake hilo lingetosha kumwekea kipindi.

Lakini walikuwa na sheria, na sheria hiyo ndiyo msiba wetu wa leo. Nieleze ilikotoka.

Miaka ya nyuma timu waliyoishabikia ilikuwa na mshambuliaji Mgiriki, mwoka mikate, mbio zake hazikamatiki. Akaumia goti. Antoine akalitangaza pale kwenye waya kwa sauti yake ya gazeti. Wabeba mizigo wa timu ya wageni walikuwa karibu, wakanunua karanga, wakasikia. Mechi nzima wageni walimwandama yule Mgiriki upande wa goti bovu. Timu ikafungwa. Tangu siku ile wakaapa: ugonjwa wa mchezaji hausemwi kabla ya mechi. Hausemwi kwa mgeni wala kwa mwenyeji. Sheria nzuri ya michezo. Hata sisi wa football tunayo.

Basi, mwaka juzi Floribert akaanza kukohoa. Kikohozi kidogo, cha asubuhi. Nyumbani alimwambia Laurentine ni vumbi la mbao. Kikazidi. Akakonda, suruali ikabaki kushikwa na mkanda tu. Nguo za kulalia zikawa zinaloa jasho. Wale watatu waliona. Siku moja mechi ilipokwisha, wakati wa dawa ulipofika, akawaambia. Kapya ananisimulia maneno yake: "Ugonjwa ya muchezaji haisemwe. Leo mi njo muchezaji wenu. Docteur akisikia hii kifua, batanipandisha ku treni kama muyomba yangu. Na mi nataka kuchagua. Hata mara moya tu, jina yangu iingie mule mu kura."

Mnaelewa, wapendwa? Alikuwa na hofu ya kurudishwa Pweto, na alikuwa na hamu ya kupiga kura. Mtu aliyeishi mji huu tangu ujana, aliyetengeneza vitanda ambavyo nusu ya watoto wa Kenya walizaliwa juu yake, alitaka kuulizwa mara moja tu: wewe unamtaka nani? Kwake daktari akawa timu ya wageni. Na rafiki zake, kwa mapenzi yao yote, wakafunga vinywa.

Wakamletea dawa. Mama Simone alileta mizizi ya baba yake. Kapya, kila treni iliposimama, alishuka kutafuta asali na majani. Antoine alileta chupa za duka zenye picha ya mtu mwenye kifua kipana. Floribert alikunywa zote. Hakutaka kumkatalia mmoja na kumkubalia mwingine, maana hapo Kasai na Katanga zingerudi kugombana, safari hii juu ya kifua chake. Mimi dawa za wazee sizicheki. Nimelelewa nazo na niko hapa. Lakini dawa hizo zilifanya kazi ya pazia.

Laurentine hakuwa mjinga. Alisema twende hospitali. Akasema tena. Siku moja alimwita Kapya nyumbani, akamwuliza uso kwa uso: "Kapya, bwana yangu anaumwa nini?" Kapya akaangalia ukuta, akajibu: "Iko vumbi, mama. Vumbi ya mbao tu." Laurentine akamwamini, kwa sababu Kapya alikuwa msimamizi wa ndoa yao.

Ukaja ule ukaguzi wa kila mwaka, wafanyakazi wa karakana wapangwe mstari na kusikilizwa kifua. Wale watatu walijiandaa kama wanaandaa fainali. Mama Simone alichemsha kitu kizito cha kutuliza koo. Antoine akanunua peremende. Floribert aliingia, akabana pumzi, akatoka. Amepita! Jumapili ile pale kwenye waya walikumbatiana, wakarusha karanga juu, watu wakadhani timu imefunga. Antoine aliponisimulia alishindwa kumaliza. "Tulishangilia," alisema, "tulimushangilia." Akainama, nami nikaweka daftari langu chini.

Desemba ikafika. Siku ya kura Floribert alivaa koti lake la ndoa, likamning'inia. Alisimama kwenye mstari mrefu, Kapya mbele yake, Antoine nyuma yake, wakimwegemeza bila kuonyesha. Alimchagua nani? Hakumwambia mtu. Alitoka, akaketi kwenye ngazi, akatabasamu. Kapya anasema hajawahi kumwona ametulia vile. Halafu akakohoa, na leso ikawa nyekundu.

Sasa Laurentine hakuuliza ruhusa ya mtu. Aliita jirani mwenye gari, akampeleka hospitali. Kapya alijaribu kumzuia mlangoni, alinyoosha mkono. Laurentine akaupangua kama anafukuza nzi.

Daktari alimpima, akapiga picha ya kifua. Akatoka nje, akamwambia Laurentine jina la ugonjwa. Kisha akamwuliza: "Mama, mlikuwa wapi? Siku hizi tunayo dawa ya ugonjwa huu. Angekuja alipoanza kukohoa, angelala hapa miezi kadhaa, akarudi kazini." Njiani Floribert alikuwa amemwungamia mkewe kiapo chote; Laurentine akauliza lile la treni. Je, asingerudishwa kijijini? Daktari akashangaa. "Kurudishwa? Wagonjwa hawa tunawalaza hapa hapa. Angalia vitanda." Laurentine akaangalia. Akamwona mtu wa Kasenga anakula. Akamwona kijana wa Katuba anacheza karata. Watu waliokuja mapema.

Ile hofu aliyokuwa nayo Floribert ilikuwa ya miaka ya mjomba wake. Dunia ilikuwa imegeuka pembeni kidogo, naye hakuwa na mtu wa kumwambia, kwa sababu wote aliokuwa nao walikuwa wameapa kunyamaza. Inaniuma kusema, wapendwa. Inaniuma sana.

Alilazwa. Mama Simone alikaa nje ya dirisha lake siku nyingi, na hakuleta mizizi, alileta uji. Wale wawili walimsomea habari za michezo. Dawa ya hospitali ilijaribu, lakini kifua kilikuwa kimeliwa. Floribert Numbi alifariki mwezi huu wa kwanza, padre akiwa amempaka mafuta, Laurentine akiwa amemshika mguu. Ameacha mjane, watoto na wajukuu.

Matanga yalikuwa makubwa. Kenya yote ilijaa, na watu wa Pweto walikuja na samaki wao. Nilikuwepo. Wageni walipouliza, kama watu wanavyouliza, alikuwa anaumwa nini, Kapya alijibu: "Homa." Mwingine akauliza. Antoine akajibu: "Moyo ulisimama." Upande wa pili watu wakaanza kunong'ona kwamba amerogwa kwa sababu ya kura, na majina yakaanza kutajwa. Majina ya Kasai. Mnajua maneno kama hayo yanaishia wapi.

Hapo Laurentine akainuka kwenye mkeka. Wanawake walimvuta aketi, akakataa. Akawaendea wale watatu, waliokuwa wamekaa pamoja, akasema mbele ya watu wote: "Dawa yenu sikatae. Mulimupenda, naona. Lakini nani aliwaambia kama docteur iko timu ya bageni? Bwana yangu amekufwa, hakuna tena mechi. Na mungali munaficha!"

Kapya, mzee wa mvi, alilia kwa sauti. Mama Simone alipiga magoti, akashika miguu ya mjane. Laurentine hakumwinua haraka. Alimwacha kidogo. Kisha akamwinua, akamketisha kwenye mkeka wake.

Wasikilizaji wapendwa, kwako Mama Laurentine, kwa watoto wa marehemu, kwa ndugu wa Pweto na wa mjini, kwa maseremala wenzake, na kwenu ninyi watatu wa kwenye waya, ambao najua mnasikiliza: poleni. Poleni sana. Mungu ampokee Floribert, awapoze mioyo. Nanyi mnaonisikia, mpendwa wenu akianza kukohoa, mjiulize kimya chenu kinamlinda nani. Mpeni asali, mpeni mizizi, mpeni sala. Na mumshike mkono mwende hospitali siku hiyo hiyo.

Jana nilikwenda kwa Laurentine kumwonyesha nitakayosema leo. Nilikuwa nimeandika "aliugua kwa muda". Alinisikiliza hadi mwisho, akatikisa kichwa. Akaniomba jambo moja tu: nitaje ugonjwa kwa jina lake, watu wote wausikie, usifichwe tena.

Mama, nalifanya. Floribert Numbi alikufa kwa kifua kikuu. Kifua kikuu, wapendwa. Kilikuwa kinatibika.