Sababu: Mawingu Mepesi

Mheshimiwa Mwenyekiti wa Bodi, Ndugu Mkurugenzi, wakuu wa idara, wenzangu wa dawati la makisio, mafundi, madereva, walinzi, ndugu wageni waalikwa. Na wewe, dada, uliyechagua kiti cha mwisho karibu na mlango ingawa niliagiza uwekewe cha mbele: nawasalimu nyote, na nawashukuru kwa kuacha kazi zenu ili kuniaga.

Mshereheshaji amesoma sifa zangu. Amesema kwamba kwa miaka ishirini na sita nimekuwa nikiliambia shirika hili, kila asubuhi, jua litatupa umeme kiasi gani na upepo utatupa kiasi gani, ili wenzetu wa chumba cha udhibiti wajue ni mitambo mingapi ya mafuta iwashwe na mingapi ipumzike. Ni kweli. Amesema kwamba sikupitisha ripoti yenye "hichi" mahali pa "hiki". Hilo nalo ni kweli, na walioumia wanisamehe. Kisha akakitaja kile cheti cha usahihi kilichotundikwa kwenye korido. Hapo naomba nimsahihishe, kwa mara ya mwisho.

Kabla ya programu tunayoitumia leo, makisio ya kituo chetu cha sola kilicho mbali kuliko vyote yalianza kwa simu. Saa moja kamili asubuhi nilimpigia mtunza kituo, mtu aliyeishi huko peke yake, akifuta paneli safu baada ya safu. Tulimwita Bwana Kitambaa. Uso wake sikuujua. Nilimtambua kwa kikohozi, kabla hajatamka neno.

"Jua likoje, Bwana Kitambaa?"

"Mawingu imekuja kidogo, mzee."

"Yamekuja."

"Yamekuja, imekuja, jua halipo, mzee. Andika."

Nikaandika. Mama watoto alipofariki, nao watoto wakiwa wamekwisha kuhamia mbali, sauti ile ikawa ya kwanza kuisikia kila siku. Na siku za mapumziko, ikawa ya pekee. Sikumwambia. Ningeanzaje? Tulikuwa watu wa kazi.

Ikaja programu. Siilaumu, na asitoke mtu hapa akasema kwamba mzee ameilaumu. Inayaona mawingu kwa picha za setilaiti, inasoma mita kila robo saa, inalinganisha ilichokikisia na kilichopatikana, kisha inajifunza kutokana na kosa lake. Ni watu wangapi kati yetu wanaofanya hivyo? Waraka ukatoka kwamba simu za asubuhi zisitishwe. Mimi ni mtu wa kanuni. Nilimpigia mara ya mwisho, nikamsomea waraka wote. Akasema, "Sasa nani atanifundisha Kiswahili?" Nikacheka, nikakata simu.

Miezi mitatu baadaye, umeme wa kituo kile ulianza kupungua kuliko ilivyokisiwa: asilimia moja, kesho yake mbili kasoro. Programu ina kisanduku cha marekebisho, na chini yake kisanduku cha sababu. Nikayapunguza makisio, nikaandika: mawingu mepesi. Picha hazikuonyesha wingu. Nikajiambia ni mepesi mno kuonekana. Siku iliyofuata nikaandika yale yale. Kufikia siku ya sita programu haikunihitaji tena. Ilikwisha kuuzoea upungufu ule, ikawa inaukisia yenyewe. Mstari wa makisio na mstari wa mita ikalala pamoja kwenye skrini, usiweze kuitenganisha. Mwezi ule ndio uliotupatia cheti.

Hayakuwa mawingu, ndugu zangu. Lilikuwa vumbi.

Siku ya kumi na mbili, dereva wa lori la maji ya kuoshea paneli, ambaye namwona pale nyuma, alipiga honi langoni na hakufunguliwa. Akaruka ukuta. Bwana Kitambaa alikuwa ameteleza kwenye ngazi na kuvunjika paja, akajiburura mpaka chumbani, penye pipa la maji na pakiti chache za biskuti. Simu ilikuwa ofisini, ng'ambo ya uwanja.

Nilikwenda hospitali. Nilikuwa bado namwuliza muuguzi ni kitanda kipi, nikasikia nyuma yangu, "Ndiyo wewe? Nilidhani mrefu."

"Nami nilidhani u mnene," nikasema.

Alicheka, akakohoa kile kikohozi. Kisha akasema maneno ambayo nitayarudia kama yalivyo, bila kuyasahihisha. "Sikuogopa sana, mzee. Nilikuwa nahesabu vumbi. Nasema, leo imeshuka moja, kesho mbili, mzee ataiona. Ikifika tano atapiga simu. Nisipopokea, atatuma mtu."

Niliiona. Ilifika tano. Niliandika mawingu mepesi.

Alifariki wiki iliyofuata, nami sikuwa nimemwambia nilichoandika. Sijamwambia mtu yeyote mpaka leo. Dada, yule alikuwa kaka yako wa tumbo moja, na ndiyo sababu nilitaka ukae mbele: nikuambie haya karibu, si juu ya vichwa vya watu. Nilikuwa na nambari yake, na nilikuwa na mkono wa kuinulia simu. Nakuomba radhi. Sikuombi unijibu hapa.

Ndugu Mkurugenzi, nasikia mlipanga kuninunulia kiti cha kupumzikia. Nimemwomba binti yule, fundi wetu wa programu, zawadi nyingine badala yake, na asubuhi hii amenikamilishia. Chini ya kisanduku cha sababu sasa kuna cha tatu, chenye maneno mawili: "Umemwuliza nani?" Kikiwa kitupu, marekebisho hayapokelewi, na upungufu ukidumu siku tatu, programu haitauzoea mpaka kijazwe. Binti huyo aliniuliza, "Babu, na kama huyo wa kuulizwa hapokei?" Nikamwambia: hiyo ndiyo siku ya kutuma gari. Naomba kisanduku hicho kisiondolewe hata kikiwachelewesha. Naomba pia kile cheti kiteremshwe.

Nami kesho nitakuwa nyumbani. Juu ya paa langu zipo paneli mbili, ndogo, nitakazozifuta mwenyewe kadiri nitakavyoweza kupanda ngazi. Hazimo kwenye gridi. Zikishika vumbi, hakuna tarakimu itakayoshuka kwenye skrini yenu. Kwa hiyo nimeibandika nambari yangu ya simu ukutani, juu ya dawati lililokuwa langu. Saa moja kamili asubuhi nitakuwa macho. Anayetaka kujua jua likoje upande wetu, na aniulize. Hata akikosea upatanisho wa sarufi, nitamjibu.

Nawashukuru kwa miaka yote ile, na kwa masikio yenu leo. Asanteni.