Eliphalet Wadham, Rais Aliyekataa Kunyonga

Marehemu Mzee Eliphalet Wadham, aliyekuwa Rais wa Muungano huu kwa muhula mmoja, alizaliwa tarehe 14 Oktoba 1741 hapa Wexcombe, Massachusetts, mtoto wa tatu wa fundi mapipa. Wasifu huu umeandikwa na binti yake, Jerusha, ambaye ndiye pia anayeusoma hapa kaburini. Waliokuja kusikia sifa tupu wamepotea njia.

Alifundishwa kusoma na mchungaji wa kanisa letu, akachapwa mara nyingi kwa ubishi. Alihitimu chuo mwaka 1762 na kuwa wakili mwaka 1766. Ubishi uleule ukamlisha.

Tarehe 3 Juni 1768 alimwoa Bi Mehitable Frothing. Siku alipokwenda kumposa, alimkuta uani anakoroga sabuni.

"Bwana wakili, umekuja kuongea au kukoroga?" Bi Mehitable alimuuliza.

Akavua koti, akakoroga mpaka adhuhuri, akasahau kabisa kilichomleta. Ikabidi Bi Mehitable amkumbushe. Waliishi pamoja miaka arobaini na mmoja, mpaka mama alipotangulia.

Vita vya uhuru alivipigana kwa kalamu. Baadaye akawa mjumbe wa Bunge, hatimaye Rais. Wakati wa uongozi wake ilipitishwa kodi ya nyumba, na maofisa wakazunguka vijijini wakihesabu madirisha ya watu ili kuikadiria. Kule Pennsylvania akina mama waliwamwagia maji ya moto kutoka ghorofani, na waume zao wakavunja jela kuwatoa wenzao waliokamatwa. Wakulima watatu wakahukumiwa kunyongwa: Velten Kuder, Jost Hembach na Adam Schwenk.

Asubuhi moja, huko Philadelphia, mezani pa Rais waliketi watu watatu tu: Rais, mkewe, na Waziri wake, Bwana Tench Hallowell.

"Wanyongwe, Mheshimiwa," alisema Waziri. "Ukilegea leo, kesho watakupanda kichwani."

"Kwa ajili ya madirisha, Tench?"

"Kwa ajili ya sheria."

Rais aliweka kijiko chini, akalia. Kisha akaomba wino, akaandika msamaha. Ilikuwa tarehe 21 Mei, siku mbili kabla ya kitanzi.

Wiki haikuisha, gazeti likachapa barua ya mtu aliyejiita Raia Mkweli. Rais, ilisema barua, amerukwa na akili. Machozi yanamdondokea kwenye uji wa mahindi. Nchi nzima ikacheka. Watoto wakamwimbia njiani, wakubwa wakamwita mwanamke, na uchaguzi ulipofika akaangushwa vibaya. Sasa, uji ule waliuona watu watatu. Mkewe hakuandika. Yeye mwenyewe hakuandika. Kikulacho ki nguoni mwako, na kilichomla Mzee Wadham kilikuwa kimeketi mezani pake kikiomba kuongezewa asali. Rais mpya alipoingia, Bwana Hallowell alipandishwa cheo.

Ni kweli alilia. Familia haioni haya kwa hilo.

Aliugua kifua tangu Agosti, akafariki Jumamosi, tarehe 9 Novemba 1822, saa nne asubuhi. Wiki tatu kabla, Jerusha alimsihi.

"Baba, msamehe Hallowell. Unasafiri."

"Niliwasamehe watatu, mwanangu, nikapoteza nchi. Huyo wa nne amwombe Mungu. Labda kule bado kuna nafasi."

Akacheka mpaka kikohozi kikamkaba. Alipopata pumzi, aliagiza glavu za msiba zipelekwe kwa watu wanne. Desturi yetu mnaijua: aliyepelekewa glavu hubeba jeneza, na asiyetokea hapewi salamu tena mjini. Bwana Hallowell amezivaa. Amebeba kutoka kanisani hadi hapa pamoja na Kuder, Hembach na Schwenk, waliosafiri siku tisa kwa gari la farasi. Kama bega linamuuma, ni vizuri. Jerusha amefurahi, wala hafichi.

Marehemu ameacha binti mmoja, Jerusha, na wajukuu wawili, Silas na Thankful. Ameacha pia watoto kumi na wanne wa wakulima wale, wote waliozaliwa baada ya tarehe 21 Mei ile, ambao familia inawahesabu kuwa wake. Na amemwacha Raia Mkweli, akiwa hai na mwenye afya njema.

Kwa hiyo kaburi halitafukiwa bado. Majembe yamelazwa chini, wachimbaji wameambiwa wakae, na watu wa Wexcombe hawana haraka. Mbele ya wote hawa itajwe, kwa kinywa cha aliyeiandika, barua ile ni ya nani. Hata ikifika jioni, tutasubiri.

Amani ya leo ni ya Mzee Wadham peke yake, apumzike nayo. Bwana Hallowell, sogea mbele.