Jirani Yangu Yupo

Mheshimiwa Afisa Elimu, mgeni wetu wa heshima. Mwenyekiti wa kamati ya shule na wajumbe wako. Walimu wenzangu, mlio kazini na mliokwisha kustaafu. Wazazi na walezi. Wanafunzi wa zamani mliokuja leo mmebeba watoto wenu. Na ninyi wa darasa la kwanza mlioketi hapa chini mbele, mlioambiwa mkae kimya na mkaweza kwa dakika nne nzima: nawasalimu kila mmoja kwa nafasi yake, na kama kuna niliyemruka, aliyeketi kando yake anisaidie kumsalimia.

Hilo la mwisho sikulitunga. Nimelikopa kwa mwalimu tunayemuaga leo, na wenyewe mnajua hivyo, maana nimeona mmeshaanza kucheka.

Jina lake la kwenye vyeti analijua yeye na ofisi ya utumishi. Sisi wengine, kuanzia mlinzi wa getini hadi mimi Mwalimu Mkuu, tunamwita Mwalimu Jirani. Amefundisha darasa la kwanza kwa miaka thelathini na moja, katika chumba kilekile cha mwisho, chenye dirisha lisilofunga vizuri. Mara tatu tulitaka kumpandisha afundishe madarasa ya juu, na mara tatu alitujibu kwamba huko juu watoto wameshajifunza kujificha.

Wageni wetu huenda hawaijui desturi ya chumba kile. Asubuhi Mwalimu anapofungua daftari la mahudhurio na kuita jina, mwenye jina hajibu. Anayejibu ni yule anayekaa naye dawati moja. Anasimama na kusema, "Jirani yangu yupo," kisha anaongeza jambo moja: jirani yangu yupo, jino limetoka; au jirani yangu yupo, ila leo hajanywa chai; au jirani yangu yupo, mama yake amejifungua na yeye hajafurahi. Na kama dawati lina mtu mmoja, huyo mmoja lazima aseme mwenzake yuko wapi na ana nini. Kusema "sijui" kunaruhusiwa siku ya kwanza tu. Siku ya pili umeshampitia nyumbani ukamuuliza. Na kila mwezi Mwalimu anawabadilisha majirani, ili mwaka ukiisha hakuna wa kumwambia mwenzake kwamba hamfahamu.

Ni desturi nzuri, sivyo? Basi nisikilizeni jinsi nilivyoiua.

Nilikuja hapa miaka kumi na tisa iliyopita, Mwalimu Mkuu mpya, nikiwa na ratiba ya rangi nne na saa ya mkononi niliyoiamini kuliko watu. Wiki ya kwanza nilisimama nje ya chumba kile nikapima. Kuita majina kulichukua dakika ishirini. Dakika ishirini, ndugu zangu, za meno na wadogo zao waliozaliwa. Nilimwita ofisini, nikamweleza kwa lugha tamu ya semina kwamba muda ni rasilimali. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akasema, "Nimekuelewa, Mwalimu Mkuu. Kesho nitawauliza majirani wanaonaje." Akaenda zake, na kesho yake dakika zilikuwa ishirini na mbili.

Mimi ni mtu wa hasira za chini chini. Sikugombana naye. Nilingoja aitwe kwenye mafunzo ya wiki tatu, nikamleta mwalimu wa muda, nikampa amri: jina liitwe, mwenyewe aseme "nipo", asiye na jibu awekewe alama ya kukosa, basi. Siku ya kwanza ilichukua dakika tatu. Nilitembea kifua mbele shule nzima.

Katika darasa hilo alikuwamo binti wa fundi viatu. Mtoto mdogo wa umbo, mpole, sauti yake ungedhani anaomba radhi kwa kuwa nayo. Alama yake ya kukosa ilianza Jumatatu, ikaendelea Jumanne, ikajaa wiki, ikajaa ya pili, ikaingia ya tatu. Daftari lilikuwa safi, mistari imenyooka. Utaratibu wetu wakati ule ulisema mtoto akikosa siku kumi na tano bila taarifa, jina linafutwa na nafasi anapewa mwingine, na waliokuwa wanangoja nafasi walikuwa wengi. Siku ya kumi na mbili niliandika barua ya kumfuta, ili ikifika ya kumi na tano nisihangaike. Nilikuwa napuliza wino ukauke.

Mlango ukagongwa. Alikuwa jirani yake wa dawati, msichana wa miaka saba tuliyemwita Redio, na sababu ya jina hilo mnaisikia mchana wote huu, kwa kuwa ndiye mshereheshaji wetu na hadi sasa hatujapata pa kumzimia. Akasimama mbele ya meza yangu, kidevu kikiwa usawa wa meza, akasema:

"Mwalimu Mkuu, jirani yangu hayupo, na hakuna aliyeniuliza."

Nikamuuliza yuko wapi. Akasema yuko kwao, baba yake alianguka akiezeka paa, mguu umevunjika, mama hayupo, na yeye ndiye anayechota maji na kupika. Nikamuuliza amejua lini. "Tangu Jumatatu ile," akasema. "Lakini mwalimu mpya akiita jina lake, kabla sijasimama ameshaita langu."

Ndugu zangu, nilichukua ile barua nikaikalia, sijui kwa nini, labda nisionekane na mtoto.

Tulikwenda wote wawili, yeye mbele akinionyesha njia, mimi nyuma na saa yangu. Tulimkuta fundi kitandani, mguu juu ya mito, na binti yake jikoni anapepea moto. Ukutani, kwa mkaa, kulikuwa na herufi kubwa kuanzia A hadi M. Redio alikuwa akipita kila siku baada ya masomo kumfundisha alichofundishwa. Kwa siku kumi na mbili, shule yangu ilikuwa imebaki ukutani kwa watoto wawili wa miaka saba, nami ofisini nilikuwa nafuta jina. Niseme kwa haki kwamba alimfundisha J ikitazama upande usio wake, na huyo binti hadi leo akiandika haraka inamgeukia.

Yaliyofuata yalikuwa mepesi, maana yakishajulikana mambo kama haya huwa mepesi. Wazazi wa darasa walipangana zamu za maji na chakula, dada yake fundi akaja kutoka mbali, na Jumatatu iliyofuata binti alikuwa darasani. Mwalimu Jirani aliporudi kutoka mafunzoni nilimweleza yote, na barua nikamwonyesha. Hakunifokea. Aliisoma, akaikunja, akaniuliza:

"Kila siku uliokoa dakika kumi na saba. Ulizifanyia nini?"

Miaka kumi na tisa natafuta jibu. Dakika zake nilimrudishia siku ileile.

Mheshimiwa Afisa Elimu, ripoti zako zinajua kwamba shule hii watoto hawaachi masomo njiani. Umewahi kutuuliza siri yetu ni nini, nami nikakujibu kwa maneno marefu. Siri yenyewe ni hiyo. Leo fundi yuko pale safu ya tatu, anatembea kwa miguu yake miwili. Binti yake ameketi kando yake, naye ni fundi viatu, na viatu alivyovaa Mwalimu Jirani leo ni kazi ya mikono yake. Najivuna kuliko nilivyojivuna na zile dakika tatu, na safari hii nina haki.

Sasa nimwage la moyoni, na Mwalimu anisamehe. Wiki iliyopita nilimkuta peke yake darasani, anabandua majina ya watoto kwenye madawati. Mnajua mumewe ametangulia, na wanawe wanaishi mbali. Nikamwuliza anaogopa nini kuhusu kustaafu. Alisema, "Kwamba nitaumwa Jumanne, na mtu ajue Jumapili."

Aliyewafundisha watoto elfu mbili kuulizana, anaogopa kutoulizwa. Tutakubali?

Katika daftari la mahudhurio la walimu, jina lake limefuata langu kwa miaka kumi na tisa. Kwa hiyo jirani yake ni mimi, na kazi ya jirani inajulikana. Jumatatu nitampitia. Jumanne wameshaichukua fundi na binti yake. Jumamosi ni ya Redio, Mwalimu, kwa hiyo Ijumaa ulale mapema. Siku zilizobaki ziko kwenye karatasi mlangoni, na sitaki kuiona tupu mkishatoka.

Daftari ninalo hapa. Naliita jina lake mara ya mwisho, na kama kawaida, mwenyewe hajibu.

Mwalimu Jirani.

Jirani yangu yupo. Amevaa viatu vipya, na anajifanya anafuta miwani.

Nawashukuru kwa masikio na subira yenu. Kabla hujainuka, mgeukie aliye kando yako umuulize amekujaje, na atarudije nyumbani.