Muhuri Wangu Naondoka Nao

Sogeeni, wanangu, na wewe kifungua mimba acha kunirekebishia mto, shingo yangu haijavunjika. Nawasikia mnanong'ona sebuleni utadhani nimeshazikwa. Yule mwenye duka kubwa la vito amekuja tena, sivyo? Anataka kununua karakana yetu pamoja na muhuri wangu, kile kijichuma kisichozidi kidole, ambacho miaka yote nimekigonga ndani ya kila pete niliyotengeneza ili mtu ajue ni kazi ya mkono wangu. Tanuri halitaki, fuawe ya kufulia dhahabu haitaki. Anautaka muhuri tu, na wala si mjinga.

Sheria inasema sonara akifa muhuri wake uharibiwe, usije ukasemea dhahabu ambayo hakuigusa. Nawe kifungua mimba ukaniambia, "Mama, nani atajua?" Maneno hayo hayo aliyasema marehemu baba yenu, Mungu amrehemu pamoja na ubishi wake, siku nilipoubeba mkufu wa harusi ya dada yako kuupeleka ofisi ya upimaji wa dhahabu. "Mkufu wa mtoto wetu wenyewe, nani atauliza?" Nikaenda. Mpimaji akakwangua kidogo kwenye maungio, akapima, akatikisa kichwa: dhahabu ya kuungia ilikuwa hafifu, niliuziwa na mtu niliyemwamini. Akaukata mbele ya macho yangu, kama sheria inavyotaka, nikarudi na vipande kwenye leso, nalia njia nzima. Binti yangu akaolewa shingo tupu, na mashangazi zake wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

Najua bado una kinyongo, binti yangu. Kaa nacho, ni haki yako. Lakini sikuombi radhi, na siku ile ikirudi leo nitaupeleka tena. Tangu hapo hakuna mteja aliyeiona chapa yangu akauliza mara mbili, na ninyi mkala, mkasoma, mkanenepa kwa ajili hiyo.

Basi karakana ni yenu nyote sawasawa, mkitaka uzeni, mkitaka fanyeni kazi, ila msigombane. Kila mmoja achonge muhuri wake, apimwe kwa jina lake. Wangu hauuzwi. Sheria inangoja nife kwanza. Mimi siwezi kungoja, kwa sababu nawajua. Usinikodolee macho, mwanangu. Hata nikiwa kitandani, mama ni mimi. Utoe huo muhuri mfukoni, nilikuona asubuhi ulipouchukua. Leteni fuawe hapa, karibu... karibu zaidi, macho yanafifia. Nyundo mpe dada yako. Yeye ndiye aliyeulipia.

Mungu awape mikono isiyotetemeka, awape na... ngojeni, nivute pumzi... awape usingizi mzuri. Haya, piga, binti yangu. Sivyo, huko ni kubembeleza. Piga kwa hasira zako zote... nisikie.