Safu ya Miavuli ya Bi Chaluay wa Hat Krathing

Watawa wetu waheshimiwa, wazee wa Hat Krathing, ndugu, majirani, na ninyi wageni mliotoka mbali mkaketi nyuma kule penye feni, kabla hatujapanda ngazi za tanuru la kumchomea marehemu kila mmoja na ua lake la msandali mkononi, familia imenituma mimi, Bunlue, kitinda mimba wa nyumba yetu, niwasomee maisha ya dada yangu, na wamenituma kwa sharti moja kwamba nisichekeshe, sharti ambalo mimi nimelikubali kwa moyo wote, ila marehemu hakuwahi kulikubali tangu azaliwe, kwa hiyo mkifika mahali mkataka kucheka, chekeni, na lawama mpelekeeni yeye.

Marehemu Chaluay Nakphrom alizaliwa tarehe 2 Mei mwaka 2499 kwa hesabu yetu, ambao kwa wageni ni mwaka 1956, nami nitaendelea na hesabu ya wageni kwa sababu dada aliishi zaidi ya nusu ya umri wake akifuata kalenda yao, katika wilaya ya Ban Laem, mkoa wetu huu wa Phetchaburi, akiwa mtoto wa tatu kati ya watano wa Mzee Chuea na Mama Prung, vibarua wa mashamba ya chumvi. Alijifunza kutembea juu ya matuta ya chumvi, na nyayo zake zikawa ngumu kiasi kwamba baadaye, mchana wa Aprili, wakati mchanga unaunguza na Wazungu wanarukaruka kama mahindi kwenye kikaango, yeye alipita katikati yao peku, taratibu, akiwauliza kama wanataka nazi.

Aliingia shule ya hekalu la kijiji mwaka 1963, akamaliza darasa la nne Machi 1967, na masomo yakakomea hapo, si kwa uzito wa kichwa bali kwa kuwa chumvi ikikauka haimngoji mtu, na lugha alizokuja kuzijua, Kijerumani kidogo, Kiswidi kidogo, na Kirusi cha kugombana tu, zote alizisomea mchangani bila mwalimu.

Novemba 1974 alihamia hapa Hat Krathing kuosha vyombo katika mgahawa wa shangazi yetu karibu na stesheni, siku zile ambazo mgeni maana yake ni mtu wa Bangkok, anayeshuka na treni ya Jumamosi, anaingia baharini na nguo zake zote, anakula ngisi wa kuchoma mpaka anahema, kisha anarudi na treni ya Jumapili akiwa bado analowesha kiti. Hapo ndipo alipokutana na Bwana Prasoet, seremala, wakafunga ndoa tarehe 9 Machi 1979, na katika mahari kulikuwa na viti sita vya kulalia vya turubai, alivyovitengeneza bwana harusi kwa mikono yake, ambavyo baba yetu alivizunguka, akavigongagonga, halafu akauliza mbele ya wazee, "Sasa binti yangu anaolewa au anakalishwa?" Kwa viti hivyo sita, mbele ya mivinje ile iliyo mkabala na kituo cha zimamoto, dada na shemeji walifungua safu yao ya viti na miavuli ya kukodisha, na Mungu wa biashara akawaona.

Walijaliwa watoto wawili, Orathai, aliyezaliwa tarehe 21 Agosti 1982, na Thanet, aliyezaliwa tarehe 3 Juni 1986, ambaye asubuhi ya leo amenyoa nywele na nyusi na kuvaa joho ili amsindikize mama yake kwa thawabu, na ndiye yule mtawa mpya kuliko wote pale mbele, asiyejua bado mikono aiweke wapi. Shemeji Prasoet alitangulia mwaka 2009, akiwa na nyundo mkononi, kama alivyotaka.

Sasa siwezi kusoma maisha ya dada bila kumtaja Mzee Bunsong, aliyefungua safu ya jirani mwaka 1983, upande wa kusini, na baina ya safu hizo mbili ilikuwepo kamba ya nailoni, na kamba hiyo, ndugu zangu, ilikuwa ikitembea. Kila asubuhi dada aliikuta imesogea kiganja kimoja kaskazini, naye aliisogeza viganja viwili kusini, na mji mzima uliamshwa na salamu zao, "We Mzee Kamba, umeota miguu usiku?" na yeye anajibu, "Mama Chumvi, mchanga wote huu na bado unanililia pa kuweka kiti kimoja, kwani mwavuli wako unazaa?" Mgeni akiteremka kwenye ngazi za ufukweni walimkimbilia wote wawili, mmoja amemshika begi, mwingine amemshika mtoto, na wako wageni waliorudi kwao wakidhani ile ni ngoma ya asili.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo wasemavyo watu, lakini dada alikuwa akiongeza kwamba mgeni naye ana mwenyeji wake huko anakotoka, na huyo akikohoa sisi huku ndio tunaolala na homa. Aliwaona Wajerumani na Waswidi wakiongezeka kuanzia 1987, akiwemo Bwana Torsten na mkewe Bi Gunvor, waliokuja kila majira ya baridi wakalala kwenye viti vilevile hadi kitambaa kikachukua umbo lao, aliona wimbi la Desemba 2004, ambalo halikuigusa pwani yetu hata kidogo, ila hofu yake ilifika ikafagia safu nzima, aliwaona Warusi wakijaa, kisha pesa yao ikaanguka huko kwao nao wakapotea ndani ya msimu mmoja, wakimwachia Kirusi kisicho na wa kugombana naye, halafu wakaja Wachina, waliolikimbia jua aliloliuza maisha yake yote, hata ikabidi awapangie miavuli miwili kwa kichwa kimoja, akasema, "Haya, leo nauza kivuli, kesho sijui nitauza nini."

Machi 2020 akawa hana cha kuuza. Mipaka ilifungwa, na hata ufukwe ulipofunguliwa tena katikati ya mwaka ule, hapakuwa na mguu wa mgeni, mbwa walilala penye viti vya watu, na hoteli alikofanya kazi Orathai kwenye mapokezi ikafunga milango, akarudi nyumbani na binti yake mdogo na sanduku moja. Hapo ndipo lilipoanza jambo ambalo dada alilibeba mpaka mwisho, maana kibali cha safu, kama mnavyojua, ni cha mtu, si cha ukoo, na mwanao hukipata tu iwapo siku za ukaguzi safu imekutwa wazi na ina mteja, vinginevyo inarudi halmashauri na kupigiwa kura, na wenye kushinda kura mnawajua. Akamwambia binti yake, nami nilikuwepo nakula wali, "Mwanangu, shamba sina, nyumba ya kupangisha sina, nina mchanga ambao hata si wangu. Huo ndio nitakaokuachia, kwa hiyo usiniambie nipumzike."

Basi kila siku alitandaza viti mbele ya bahari tupu, akafungua miavuli, akasimama. Na kusimama kwenyewe ndiko kulikomuua moyo, kwa sababu sisi wachuuzi wa pwani hii safu haihesabiki kuwa imefunguliwa mpaka apatikane mteja wa kwanza, ile noti yake igusishwe kwenye kila kiti na kila mwavuli kwa maneno ya heri, na dada alikuwa mshika desturi, hakai wala hagusi chakula kabla ya noti hiyo, sasa wateja hakuna, na mwanamke wa miaka sitini na minne anashinda amesimama juani na njaa. Tulimsihi, akatufukuza. Orathai alimpa noti yeye mwenyewe, mama yake akamwambia, "Mteja gani anatoka tumboni mwangu?"

Ndipo asubuhi moja ya Septemba Mzee Bunsong akairuka kamba, amevaa kofia ya majani na miwani ya jua ya mjukuu wake, akauliza, "Mama Chumvi, kiti bei gani?"

Dada akamtazama juu chini, "Umepotea? Viti vyako viko kule, vinakushangaa."

"Vile nimevichoka. Na usinifukuze, mimi ndiye mteja wako wa kwanza, ukinifukuza mkosi ni wako."

Kwa desturi yetu mteja wa kwanza hafukuzwi, hata awe nani, hata awe Bunsong, kwa hiyo dada alipokea noti kwa ncha za vidole kama mtu anayepokea kaa, akaigusisha kwenye miavuli yote, akaketi, akala, na baada ya kula akairuka kamba upande wa pili na noti ileile, akasema, "Sogea nikufungulie na wewe, usije ukatangaza kwamba watu wa chumvi hawana adabu." Wakaendelea hivyo kila siku kwa zaidi ya mwaka, noti moja nyekundu ya baht mia ikivuka kwenda na kurudi hadi ikalainika kama kitambaa, na matusi hayakupungua hata siku moja. Mkaguzi wa halmashauri alipopita alikuta katika safu ya dada mzee mmoja amelala kinywa wazi, akamwamsha, akamuuliza, "Mzee, wewe si mwenye safu ya pili?" naye akajibu bila kuvua miwani, "Niko likizo," na kijana yule wa watu, nampongeza popote alipo, akaandika kwamba safu ina mteja.

Wageni walirudi mwishoni mwa 2022, lakini si walewale na si wengi vile, wakaja Wahindi kwa harusi zao, Wakazaki, na Waswidi wachache waliozeeka, Bi Gunvor akashuka ngazi peke yake, dada akamwona, akatandaza viti viwili, kama zamani.

Agosti 2023 alianza kusikia maumivu ubavuni, akasema ni viti vizito, na alipokubali kwenda hospitali ya mkoa Oktoba, saratani ilikuwa imekwisha kulishika ini. Alifanya kazi msimu mzima uliofuata akiwa amefunga tumbo kwa kitambaa, mpaka Novemba 2024 alipoanguka kwenye ngazi za ufukweni, akalazwa, akaomba kurudishwa nyumbani, na tangu hapo kila asubuhi, kabla ya dawa na kabla ya maji, alikuwa akimuuliza Orathai swali moja tu, "Safu iko wazi?" Orathai akijibu kwamba iko wazi, ndipo anafumba macho. Alifariki nyumbani, Jumamosi ya tarehe 8 Februari 2025, alfajiri, mkono wake ukiwa mkononi mwa binti yake, akiwa na umri wa miaka sitini na minane.

Tumemfanyia sala kila jioni tangu siku hiyo, na wengi mmeuliza kwa nini tunamchoma leo Alhamisi, mbiombio, basi naomba mjue kwamba jana ilikuwa sikukuu ya dini, kesho ni Ijumaa, siku ambayo hatuchomi, na Jumamosi ukumbi huu una msiba mwingine, na halmashauri nayo ilikwisha kutangaza, kabla hatujafiwa, kwamba ukaguzi wa safu ni leo, saa yoyote kati ya asubuhi na magharibi. Juzi jioni Orathai alinifuata jikoni, akaniambia, "Mjomba, nikikaa na mama ninakipoteza alichoniachia, nikikaa na safu ninampoteza mama." Thanet ni mtawa, hawezi kufanya biashara. Majirani wote mko hapa.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa hospitali ya mkoa, waliovumilia mgonjwa aliyewapangia vitanda upya. Inawashukuru majirani mliopika, wachuuzi wenzake wa ngisi, wa nazi na wa papai mliofunga kazi siku ya leo, msimu huu haba, ili mje. Inawashukuru watawa kwa sala, na wageni mliovaa nyeusi kwenye joto hili.

Na inamshukuru mtu mmoja ambaye hayupo. Tangu asubuhi nimesikia minong'ono, tena mingine ya sauti kubwa, kwamba shada la Mzee Bunsong lipo lakini mwenyewe hajaonekana, na mama mmoja hapa, simtaji, amesema, "Yule mzee hata maiti anainunia?" Hainunii, mama. Jana alikuja na shada lake, akamwita Orathai pembeni, akamwambia, "Kamsindikize mama yako. Nimemchokoza zaidi ya miaka arobaini, siku moja ya kumfanyia kazi haitaniua. Miavuli nitaipanga kwa mpangilio wake, ingawa ni mpangilio mbaya." Ameacha viti vyake vimekunjwa, yuko kwenye safu ya dada sasa hivi, na Bi Gunvor yuko naye, amelala kwenye kiti amevaa gauni jeusi, na mkaguzi hajapita bado ninaposoma haya, lakini apite saa atakayo.

Dada Chaluay, Orathai yuko hapa karibu yako, hajaenda popote. Safu iko wazi. Fumba macho, upumzike kwa amani.