Muvi Moja Tu, na Iwe Nzuri

Kati ya londri na saluni ya kusuka nywele, pale Hyattsville, Marekani, kuna benchi la mbao ambalo haijulikani liliwekwa na nani, lakini inajulikana ni la nani. Jumamosi ikifika saa nne asubuhi, nguo zikizunguka ndani ya mashine, wenyewe huwa wamekwishaketi. Kuna Elisante wa Same, dereva wa basi la wazee, mwenye chupa ya kahawa ya tangawizi. Wanamwita Trela, kwa kuwa hajawahi kukusimulia muvi akakubakishia kipande. Kuna Kuria, fundi wa kompyuta, ambaye ana mashine ya kufulia nyumbani kwake Gaithersburg lakini hushuka na gari kila wiki aje afulie hapa. Huyo ni Algo, maana kila baya duniani kwake limeletwa na algorithm. Na kuna Sekou, mzaliwa wa huku huku Marekani, mwalimu wa historia aliyejifunza Kiswahili chuoni na hajawahi kukosea ngeli. Huyo ni Sanifu. Jumamosi ile Jerotich, muuguzi msaidizi wa zamu za usiku kule Temple Hills, aliingiza nguo zake mashinani, akatoka nje, akasimama mbele yao kama mtu aliyekuja kushtaki.

— Nataka muvi, akasema.

— Salamu kwanza, dada, akasema Elisante, akimmiminia kahawa. Umeamkaje?

— Sijalala, ndiyo nimetoka kazini. Nataka muvi ya leo jioni. Niko off, na Audrey amekubali kukaa na mimi kwa kochi.

Wote watatu wakasogea kumpa nafasi benchini. Walimjua Audrey, binti yake wa miaka kumi na mitano, na walijua jinsi mama na mwana walivyokuwa wakipishana mlangoni tangu mwaka wa shule uanze, mmoja akirudi kazini, mwingine akikimbilia basi la shule. Jerotich alikuwa amefika mahali pa kumwandikia mwanawe ujumbe wa simu ilhali wako nyumba moja.

— Aliniambia, muvi moja tu, Mum, na iwe nzuri. Ile nilichagua mwezi uliopita, ya magari kulipuka, alikaa dakika kumi akaenda chumbani. Sasa sitaki hizo za kila mtu. Nataka ile watu hawaijui.

— Umefika, akasema Elisante, akijiweka sawa. Kuna moja inaitwa Mwendesha Lifti. Jamaa anafanya kazi kwenye jengo la ghorofa kumi na mbili. Lifti inaharibika. Yeye anaona aibu kwenda nyumbani, basi anaanza kuwapandishia watu mizigo kwa ngazi, kila siku, na sare yake kaivaa. Mpaka siku moja yule bibi wa juu kabisa...

— Trela, usimalize! akapaza sauti Jerotich.

— ...anashuka yeye mwenyewe kumletea chai. Ndiyo mwisho. Nililia, dada yangu.

— Sasa ataitazama ya nini? Umeshaimaliza!

— Filamu hiyo sijaisikia hata mara moja, akasema Sekou.

— Huwezi kuisikia. Inaongewa Kijojia, lugha ya mbali huko. Kuku mgeni hakosi kamba mguuni, na muvi ngeni haikosi maandishi miguuni. Watu wakiona maandishi ya tafsiri pale chini wanakimbia. Halafu posta yake mbaya. Mimi nimechunguza: muvi nzuri zote zina posta mbaya. Mchoraji wa posta anaonyeshwa muvi kwanza, sivyo? Basi analia, anashindwa kufanya kazi, anapeleka chochote.

— Zii, buda, akasema Kuria. Posta ni kitu kidogo. Ni algorithm. Kuna moja inaitwa Mtangaza Mvua, black and white. Msee anatangaza hali ya hewa kwa redio ya kijiji. Maisha yake yote hajawahi kudanganya. Siku moja anadanganya ati hakutanyesha, ndio harusi ya watu isiahirishwe. Lisaa limoja na nusu, wanangoja mawingu tu. Iko sawa kabisa! Lakini simu haiwezi kukuonyesha hiyo.

— Kwa nini?

— Ndani yake hakuna kitu cha kuuza. Hakuna gari, hakuna viatu, hata simu hakuna. Algorithm inaiangalia, inaona watu wameketi wanangoja mawingu, inasema hawa si wateja. Inaizika. Ndio maana wazee walisema, asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na algorithm.

Jerotich hakucheka. Neno hilo lilimgusa mahali. Alitazama kikombe chake.

— Ndugu zangu, nyote mmekosea, akasema Sekou, akivua miwani. Filamu bora hazikuzikwa na simu. Zimezikwa kwa hakika. Chini ya ardhi.

— Ameanza, akasema Kuria.

— Mimi niliitazama moja isiyo na sauti, kuhusu kinyozi anayemnyoa mwanamume aliyempokonya mchumba. Wembe uko shingoni, nasi hatusikii lolote. Niliipata nakala moja tu, kisha ikatoweka. Nikauliza ziko wapi nyingine. Hakuna aliyejibu. Sasa, treni ya mjini inapopita chini ya mto, je, masikio yenu hayazibi?

— Yanaziba.

— Mnadhani ni hewa. Ni uzito! Juu yenu kuna makopo ya filamu, maelfu kwa maelfu. Waswahili husema: mgema akisifiwa, tembo hunywa maji.

— Sekou, akasema Elisante kwa upole, tembo la methali hiyo ni pombe. Na mgema ndiye anayelitia maji.

— Pombe? Miaka ishirini nimewafundisha wanafunzi kwamba ni ndovu.

Benchi zima likatikisika kwa kicheko. Jerotich naye alicheka kidogo, lakini saa ilikuwa inakwenda, na mkononi alikuwa na muvi tatu na hajui ni ipi ingemkalisha Audrey. Alikuwa ameanza kufikiri kwamba labda afadhali apike tu, wale, kila mtu aende chumbani kwake, wasiumizane.

Mlango wa londri ukafunguka. Akatoka mwanamke kijana aliyekuwa akiwasikiliza kupitia dirishani, shuka iliyokunjwa nusu ikiwa mikononi. Akajitambulisha: Anitha, wa Uvira, mwezi wa pili sasa Amerika.

— Pardon, ba-papa. Nasikia munazungumza Kiswahili, nikafurahi. Niulize kitu?

— Uliza, binti, karibu, akasema Elisante.

— Hizi filme zenye munasema, muliziangaliaka na nani?

Elisante akavuta chupa yake karibu. Kuria akaitazama simu yake kana kwamba jibu limo humo. Sekou akaanza kufuta miwani ambayo ilikuwa safi tangu mwanzo. Jerotich aliwatazama mmoja baada ya mwingine na akaona yote: basi la wazee limeegeshwa, dereva kainamia skrini ndogo, fundi kitandani Gaithersburg, nyumba nzima kimya, mwalimu jikoni na vidude masikioni, kila mmoja peke yake. Anitha akadhani amekosa adabu, akaomba radhi, akarudi kumalizia shuka zake.

Elisante akainamisha chupa. Halikutoka hata tone.

Jerotich akatoa simu, safari hii asiandike, akapiga.

— Audrey. Nimebadilisha. Wewe niambie. Kuna muvi uliwahi kutazama peke yako, ukatamani kungekuwa na mtu hapo?

Jerotich akaibana simu sikioni.

Kisha Audrey akajibu kwa Kiingereza chake cha haraka kwamba ipo moja, lakini ni ya zamani, tena inaenda polepole, na mama hataiweza.

— Nitaiweza.

Audrey akaongeza kwamba ina maandishi ya kusoma pale chini.

— Macho ninayo.

Alipokata simu, wale watatu walikuwa wakimwangalia.

— Inaitwaje? akauliza Kuria.

— Hajaniambia. Nitaiona huko huko.

— Mna nafasi kwa kochi? akauliza Sekou, na hakuwa anatania.

— Leo hapana, mwalimu. Leo ni mimi na yeye.

Akaingia kutoa nguo. Alipopita na kikapu kuelekea garini, wazee wa kijiwe walikuwa wamekubaliana kukutana kwa Elisante saa moja jioni, na tayari walikuwa wakigombana waanze na lifti, mvua au kinyozi.

Jioni ile muvi ilikuwa ya mwanamke anayetunza chumba cha vitu vilivyopotea katika stesheni ya treni. Mvulana mmoja anakuja kila siku kuulizia mwavuli, na kila siku anautaja kwa rangi tofauti. Ilikwenda polepole kweli. Usingizi ulimjia Jerotich mara mbili, akaufukuza kwa kujifinya paja. Halafu yule mwanamke akaanza kutia alama kila mwavuli uliomo chumbani kwa jina la yule mvulana, mmoja baada ya mwingine, na Jerotich akahisi kicheko kinampanda. Akageuka kumwambia Audrey.

Audrey hakuwa akitazama skrini. Alikuwa amekunja miguu juu ya kochi, mto kifuani, macho kwa mama yake, akingoja kuona atacheka wapi.

Jerotich akacheka, kisha akarudisha macho kwenye TV haraka, asipitwe.